Miguu Iliyokataa Moto

Huku kwetu bondeni Inje baridi ndiyo inayotulisha. Samaki huletwa kutoka pwani mwezi wa Desemba, wanatundikwa kwenye vichanja vya mbao, na kazi yao ni kuganda usiku na kulegea mchana mpaka nyama igeuke rangi ya manjano. Kazi yetu ni kuwageuza, kuwapukuta theluji na kulalamika. Mimi nina mkahawa wa supu ya samaki mkavu, kwa hiyo nalalamika nikiwa karibu na jiko. Wenzangu wanaoshinda vichanjani huvaa nguo mpaka wakafanana na magodoro yaliyofungwa kamba.

Wote isipokuwa Mama Yeon-ho, mke wa Seok-gu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye alitembea juu ya theluji kwa ndala. Wakati mwingine alivua hata hizo ndala, akasimama kwenye theluji peku, kafumba macho, kama mtu aliyepata kivuli saa saba mchana.

Watu walisema sana. Wapo waliosema anajionyesha, wapo waliosema ana pepo, na mjumbe wetu, mwanamume asiyejua kunyamaza hata msibani, alisema mwanamke wa namna hiyo mumewe hapati usingizi. Mimi nilimwambia ashike adabu yake, mimi mwenyewe simpi supu tena. Nilimpa, lakini ilikuwa ya chini ya sufuria.

Kwa jina lake mwenyewe aliitwa Tak Mi-rye. Alikuja kuolewa hapa akiwa msichana mwembamba kutoka huko kusini kwenye mashamba ya mpunga, na baridi ya kwanza tu akajifungua Yeon-ho, theluji imeziba barabara, kuni zimelowa. Siku za uzazi hazijaisha nikamwona mtoni anafua nepi, mikono myekundu, kuna barafu pembeni. Nilimwuliza, "Mkweo yuko wapi?" Akanijibu, "Ndiye aliyenituma." Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Haikupita miaka mingi miguu yake ikaanza. Ilikuwa hivi: jioni akiingia ndani, au akivaa viatu vilivyofunika, au akisimama jikoni kwa muda, nyayo na vidole vinageuka vyekundu, vinavimba, vinawaka. Aliniambia ni kama kukanyaga kaa la moto ambalo huwezi kuondoa mguu juu yake. Akitoka nje kwenye baridi, moto unapungua. Akirudi ndani, unarudi. Na nyumba zetu, kila mtu anajua, moto wake uko sakafuni. Unalala juu yake, unakula juu yake, unapokea wageni juu yake. Kwa hiyo Mi-rye alikuwa mke ambaye hawezi kukaa nyumbani kwake. Chakula alikiweka mezani, kisha akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine kwenye ubaraza wa baridi, akila bakuli mkononi.

Mkwewe, Bibi Eom, hakuipenda tabia hiyo hata kidogo. Bibi Eom alikuwa mama mfupi, mkali, vidole vimepinda kwa kupasua samaki maisha yake yote. Kwa maoni yake, na maoni ya bonde zima kusema kweli, ugonjwa ule ulikuwa upepo wa uzazi: mwanamke akipigwa na baridi kabla mifupa yake haijafunga baada ya kujifungua, upepo huingia ndani na kukaa humo mpaka kaburini. Na dawa yake ni joto. Kwa hiyo Bibi Eom alimtia Mi-rye joto. Alimchemshia maji ya kuoga, akamfumia soksi za sufi, akachochea kuni chini ya chumba chake mpaka karatasi iliyotandikwa sakafuni ikageuka kahawia. Boila, ile mashine ya kupitisha maji ya moto chini ya sakafu, ilipoingia kijijini, yeye ndiye aliyeikalia kama mlinzi. Mi-rye akipunguza, Bibi anapandisha. Siku nenda, siku rudi.

"Shoga, yule mama ananichoma kusudi," Mi-rye aliniambia siku moja, miguu yake ndani ya ndoo yangu ya kuloweka samaki. "Anajua naumia. Anapandisha moto akiniangalia usoni."

"Sasa mwambie."

"Nimemwambia. Ananijibu nivae soksi."

Kilichomaliza kila kitu ni zile plasta za pilipili. Unazijua, zile za kubandika kiunoni, zinazopasha mpaka jasho likutoke. Mchana mmoja wa Januari Mi-rye alijilaza kidogo, baada ya kukesha na miguu yake. Bibi Eom akaingia kwa kunyata, akambandika plasta kwenye nyayo zote mbili, akamfunika blanketi, akaketi kando kusubiri matokeo. Matokeo yalikuja. Tulisikia yowe mpaka mkahawani. Nikamwona Mi-rye anatoka mbio, peku, anabandua plasta huku anakimbia, akaingia mtoni na nguo zake zote, wateja wangu wamesimama dirishani na vijiko mikononi.

Jioni Bibi Eom alikuja kwangu akakaa kwenye kona, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe. "Nimembandika dawa kwa mikono yangu," alisema. "Akaenda kuiosha mbele ya kijiji kizima. Yule mtoto hanitaki, Mama Gwi-nam. Hawezi hata kukaa chumba kimoja na mimi."

Nilitaka kumwambia bibi, na wewe umezidi. Lakini mtu mzima akilia unamwekea supu.

Theluji ambayo ilimpa Mi-rye nafuu ndiyo iliyomwumiza mwishowe. Ngozi ya vidole ilipasuka, vikawa vidonda, vidonda vikaoza, na Seok-gu akampakia kwenye gari la samaki akampeleka hospitali ya Chuncheon. Huko walikutana na daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya mwalimu wa watoto wadogo. Alimwuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza: "Miguu ikiuma unafanya nini?" Mi-rye akamwambia habari za theluji, mto na ndoo. Daktari akauliza tena, "Na nyumbani kwenu ulikozaliwa, kuna mwingine alikuwa hivyo?" Mi-rye akacheka, akasema hakuna, ni baba yake tu, mlevi, ambaye kila usiku wa joto alilala kwenye tuta la shamba, miguu ndani ya maji ya mpunga. Kisha akaacha kucheka. Baba yake hakuwa akinywa sana hivyo.

Ni ugonjwa wa nadra, daktari alieleza, wa mishipa ya damu na mishipa ya fahamu ya ngozi. Mtu anazaliwa nao, unangoja wakati wake. Baridi haikuuleta na joto haliuondoi, joto linauamsha. Barafu na theluji akavipiga marufuku papo hapo, maana vinaua ngozi. Akampa dawa ya kupaka, jeli nyeupe inayochanganywa na mfamasia palepale hospitalini na kutiwa kwenye kopo dogo. Asipake penye kidonda. Apake kidogo, asubiri iingie, ngozi ife ganzi kidogo. Haiponyi, alisema wazi. Inapunguza.

Mi-rye aliliweka lile kopo kwenye friji ya kimchi, kabichi yetu ya pilipili, na kwa juma la kwanza Seok-gu alinusa mikono yake kila alipokula, akiogopa amekosea kopo. Vidonda vilipofunga, akaanza kupaka. Asubuhi moja akaja mkahawani kwangu kavaa soksi nyembamba na viatu. Viatu, mwezi wa Desemba! Alisimama katikati ya mkahawa, machozi yakamjaa.

"Shoga, nimelala," alisema. "Nimelala mpaka jogoo akanikuta."

Nilimkumbatia na upawa wangu mkononi, nikamchafua mgongo mzima.

Sasa, kabla hatujafurahi vya kutosha, Bibi Eom alikuwa ameteleza kwenye barafu ya uani na kuvunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali akiwa wa kulala tu, na mtu wa kulala tu huku kwetu huwekwa upande wa jikoni, pale sakafu inapochoma zaidi, mahali pa mkubwa wa nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa na baridi wakati wote, damu ya uzee. Boila ilinguruma mchana na usiku. Na mtu wa kulala tu anahitaji mtu wa kukaa naye, kumgeuza, kumlisha, kumsikiliza. Mi-rye aliingia, akafanya upesi upesi, akatoka. Hata na dawa, kile chumba alikiweza kwa muda wa kumlisha bakuli moja.

Seok-gu alijaribu kumweleza mama yake maneno ya daktari. Bibi akasonya. "Mtoto wa juzi anajua nini kuhusu upepo wa uzazi? Amezaa?"

In-suk, dada yake Seok-gu anayeishi Wonju, alipiga simu akasema amepata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko kwake. Sikukuu ya Mwaka Mpya atakuja, atatazama hali kwa macho yake, na kama wifi yake bado anamlisha mama kutokea mlangoni kama anayemlisha mbwa, basi ataondoka na mama. Bibi Eom aliambiwa. Aligeukia ukutani. Mimi nilikuwepo, nilimletea uji wa samaki, na ule mgongo wake mdogo uliniuma roho.

Siku moja kabla ya sikukuu Mi-rye alikuwa jikoni kwangu ananisaidia kukata vipande vya mkate wa mchele vya supu ya mwaka mpya. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Wewe unataka abaki? Sema kweli, hapa tuko wawili."

Alikata vipande kadhaa kwanza. "Ameniunguza miaka yote hiyo," alisema. "Lakini nimekuwa mkwe wake kuliko nilivyokuwa mtoto wa mama yangu. Akipelekwa kule atakufa anaangalia ukuta asioujua. Sitaki. Kesho nitakaa, shoga. Nitapaka dawa na nitakaa mpaka wifi aridhike."

"Na miguu?"

"Nitajikaza kisabuni."

Asubuhi ya Mwaka Mpya, nilipomaliza kuwapigia magoti wazee wa upande wa juu, nikaenda kwa Bibi Eom. In-suk alikuwa amekwisha kufika, na kwa vile alitoka kwenye baridi alikuwa amepandisha boila mpaka mwisho. Nilivua viatu, nikakanyaga ndani, na mimi mwenye miguu mizima nikarukaruka kidogo. Jikoni Mi-rye alikuwa amejipaka, amesubiri kama alivyofundishwa, amevaa soksi za pamba. Akaingia na meza ya chakula, akaitua. Akamsujudia mkwewe mpaka paji likagusa sakafu. Kisha akakaa. Hapo karibu na mlango, lakini akakaa, magoti yamekunjwa vizuri, mikono mapajani.

In-suk alimtazama, akatazama saa yake. Seok-gu alitazama supu. Tukala. Muda ukapita, Mi-rye yupo. Anamwongezea mkwewe supu, anacheka mzaha wa In-suk usiochekesha, yupo. Ile jeli ilikuwa inafanya kazi, Mungu aibariki mikono ya yule mfamasia. Nikaanza kupumua.

Ndipo Bibi Eom akaweka kijiko chini.

"Mama Yeon-ho," alisema. "Njoo hapa."

Akaanza kujisogeza. Na nyonga ile iliyovunjika, akiguna, akijivuta kwa kiwiko, akaacha nafasi kando yake, pale pale kwenye moto wenyewe. Akapigapiga sakafu kwa kiganja. "Kaa hapa, mwanangu. Leo ukae mahali pangu."

Hakuna aliyetia kijiko mdomoni. Pale hakuwahi kukaa mtu mwingine, hata Seok-gu, hata marehemu mzee alipokuwa hai na baridi imemshika. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo za kutoa, na aliitoa mbele ya bintiye, mbele yangu, kwa mkwe ambaye Bibi mwenyewe aliamini kwamba hamtaki. Kukataa ilikuwa sawa na kumzaba kofi. Mi-rye alinitazama mimi. Mdomo wangu hauna breki siku zote, lakini siku hiyo ulikufa ganzi bila dawa.

Akasimama, akaenda, akakaa. Bibi akamvutia mfarishi juu ya magoti, akamfunga pembe zote vizuri, kama mtoto.

Ile dawa ilijitahidi, lakini ilitengenezwa kupunguza, haikutengenezwa kwa kikaango. Nilimwona Mi-rye akianza kutoka jasho juu ya mdomo, halafu kwenye paji. Alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu sitaki kuliona tena kwa mtu yeyote.

"Wifi, mbona jasho?" In-suk akauliza.

"Supu ya moto, wifi."

Hakuwa ameigusa supu yake.

Bibi Eom akaingiza mkono chini ya mfarishi kumweka mguu wake vizuri, asije akapigwa na upepo. Mkono ukasimama. Akauacha humo. Uso wake ukabadilika, akavuta mfarishi pembeni, akamvua Mi-rye soksi kwa vidole vyake vilivyopinda, na sote tukauona mguu: mwekundu, umevimba, ngozi inang'aa.

"Seok-gu. Weka mkono hapa."

Seok-gu akagusa, akaondoa mkono haraka.

"Huu ni moto kuliko sakafu," Bibi alisema, polepole. "Miguu ya upepo ni baridi. Mimi nimeshika miguu ya upepo ya mama yangu, ilikuwa baridi kama samaki. Huu unawaka." Akamtazama Mi-rye. "Umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu zamani, Mama."

"Na mimi nikapandisha moto."

"Ndiyo, Mama."

Bibi Eom aliitua ile soksi sakafuni. "Mimi ndiye niliyekutuma mtoni," alisema. "Mtoto hana hata juma moja, barafu imejaa, nikakutuma kufua kwa sababu mama mkwe wangu alinituma mimi. Ulipoanza kuumwa nikajua. Nikasema, baridi nimeitia mimi, nitaitoa mimi. Kila siku nilikuwa nalirudisha lile joto nililokunyima."

Mi-rye alilia kwa sauti. Alikuwa ameamini kwamba anaadhibiwa, na kumbe alikuwa anaombwa msamaha, kila jioni, kwa lugha iliyomchoma. Akamshika mkwewe mikono. "Mama, si mto. Daktari amesema nilizaliwa nao. Baba yangu alikuwa nao, alikuwa analala miguu kwenye maji ya mpunga. Hukuniletea wewe. Mto haukuniletea."

"Si mto?"

"Si mto, Mama."

Yule bibi aliachia mikono ya Mi-rye. Halafu akafuta pua kwa ukingo wa mfarishi. "Kwa hiyo kuni zote zile nilikuwa nachoma bure?"

Nilicheka, nisamehewe. Nilicheka huku nalia, na Seok-gu naye, na Mi-rye naye.

"Zimeni boila," Bibi Eom akasema.

"Mama, utaganda!" In-suk akaruka. "Nyonga imevunjika, umri huo, Januari hii!"

"Mimi nitavaa koti juu ya koti," mama yake akamjibu. "Yeye atavua miguu aiweke wapi? Zima, nasema. Na huko Wonju kwako kapande wewe hicho kitanda cha nyumba ya wazee."

Seok-gu akaizima. Kesho yake akaleta kitanda cha miguu minne na godoro la umeme la kupasha mgongo, kitu ambacho kila duka linauza, na ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria, kwa sababu nani angezima sakafu ya mzee? Bibi akalala juu akiwa na joto lake, kofia mpaka kwenye nyusi, na Mi-rye akakaa chini kwenye sakafu ya baridi, akimenya vitunguu saumu, wakisengenya wateja wangu.

Dawa, Bibi alidai kupaka yeye. Mi-rye aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu mapajani kwa mkwewe, jambo ambalo huku kwetu ukilisimulia unaambiwa umelewa. Seok-gu alimletea glavu kama daktari alivyoagiza, akazitupa. Vidole vyake vikafa ganzi, akadondosha vijiko, akafurahi. "Dawa hii ina akili," alisema. "Inajua na mimi naumwa."

Alifariki nyumbani, wakati wa kushusha samaki vichanjani, theluji ikiyeyuka, chumba kikiwa baridi na mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mi-rye.

Baada ya mazishi niliingia kumtazama Mi-rye. Nilimkuta kwenye kile kitanda kitupu, soksi amevua, kopo wazi pembeni, miguu imeanza kuwa myekundu.

"Nimejipaka mwenyewe," aliniambia. "Haishiki."

Ni jeli ileile, kutoka kwa mfamasia yuleyule. Nikafuta mikono kwenye aproni, nikakaa kando yake, nikamwambia, "Lete miguu hapa, shoga."